Kipa wa Kuazima

Changamwe, Jumapili, Mei 1948

Mvua ya masika imeanza alfajiri, ikapumzika kidogo tukacheza, na sasa imerudi. Chakula kimenishinda.

Tumeshuka daraja.

Sare tu ingetutosha kubaki daraja la kwanza. Lakini kipa wetu ameamka na homa kali, na wa akiba yuko Rabai mazikoni. Ndipo mimi, katibu wa timu, nikamwendea Anjelo, Mgoa ninayefanya naye kazi boharini. Yeye ni kipa wa hoki katika klabu yao kisiwani. Mpira wetu huja kuutazama tu, akasimama kando yangu. Alisita, maana Jumapili ijayo wana fainali ya kombe. Mwisho akasema, "Hamwezi kucheza bila kipa. Nakuja."

Wallahi, alijitoa. Kipindi cha kwanza alijitupa miguuni mwa mshambuliaji, akatuokoa na goli la wazi. Alichelewa kuinuka. Nikadhani ni utelezi wa matope.

Mchezo ulipokaribia kwisha ikapigwa kona. Mpira ulikuja juu, akaugusa, ukamponyoka, ukaingia. Moja bila.

Watu wetu wenyewe walimtukana. "Rudi kwenye vijiti vyako," mmoja akamwambia, na wengine wakacheka. Anjelo akaondoka uwanjani. Nikamchukua nyumbani ajifute matope.

Alimwamkia mama, "Shikamoo," akampa mkono wa kushoto. Mama akanitazama kwa mshangao, nikaona haya. Kisha akauona ule wa kulia. Vidole viwili vimevimba, kimoja kimepinda.

"Umeumia saa ngapi, mwanangu?"

"Kipindi cha kwanza, mama."

"Na hukutoka?"

"Ningewaacha kumi."

 Mama alichana kipande cha leso yake kuukuu, akamfunga taratibu, akamwambia kesho asikose kwenda hospitali. Anjelo alikunywa chai kwa mkono ule mmoja. Nilipomuuliza habari ya fainali alitazama mlangoni.

"Watamweka mwengine. Mimi nitaketi nitazame."

Miaka yote hii tangu aanze hoki, hii ndiyo fainali yao ya kwanza.

Ameondoka, nami nimebaki na mawazo. Asubuhi nilidhani kushuka daraja ndio msiba mkubwa unaoweza kumpata mtu Jumapili. Daraja tutalipanda tena, inshallah, mwakani au mwaka wa pili. Na Anjelo je? Nani atamrudishia fainali yake?

Kesho nitapita barazani wanapokaa wale waliomtukana, niwaambie alidaka kwa mkono gani. Wakitaka wasadiki, wakitaka wasisadiki.

Na Jumapili nitavuka Makupa kwenda kisiwani niketi naye, asitazame peke yake. Hoki siijui hata kidogo. Nitamwomba anieleze, pole pole, mpaka filimbi ya mwisho.