Kibao Kimoja, Watu Thelathini

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na lile goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Ningekupigia simu, lakini najijua: ningezungukazunguka weee, mwishowe nisingizie salio limeisha.

Nianze na habari njema. Binti yetu anaendelea vizuri. Jana alikula bakuli zima la uji akalalamika hauna sukari, nikajua sasa amerudi. Daktari anasema figo zake zimeanza kufanya kazi sawasawa, ila abaki wodini siku nne zaidi, na maisha yake yote anywe maji kila siku, kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje kiu.

Wiki iliyopita nilikuambia ni homa. Haikuwa homa. Mwanao aliishiwa maji mwilini.

Unajua kule kiwandani tunashona kola za mashati. Mstari wetu una watu thelathini, na kwenye msumari karibu na mlango kuna kibao kimoja cha mbao. Asiye nacho mkononi haruhusiwi kwenda chooni. Ukikichukua, wote wanakutazama, na kola zinarundikana kwenye cherehani yako. Kwa hiyo tulijifunza kutokunywa. Mimi ndiye nilikuwa bingwa. Miaka kumi na sita sijakigusa kibao kabla ya saa nane mchana, hata wakanibandika jina la Ngamia, nami nikavimba kichwa.

Mwanao alipoanza kazi alikuja na chupa kubwa ya maji. Nilimcheka. Nikamwambia anywe mafunda mawili asubuhi, mchana alowanishe midomo tu, mwili utazoea. Alinisikiliza kwa sababu mimi ni mama yake mkubwa. Wiki ya tatu akasema kichwa kinamgonga na mkojo umekolea kama chai ya rangi. Nikamwambia ni ugeni wa kazi.

Sasa nikuambie lile linalonikosesha raha. Siku aliyoanguka, joto chini ya yale mabati lilikuwa halisemeki. Aliniomba ruhusa mara mbili aende bombani akanywe, maana kiongozi wa mstari ni mimi. Mara zote mbili nilimwambia amalize kwanza fungu lililo mbele yake. Alilimaliza. Aliposimama tu, akaanguka.

Hospitalini daktari alimuuliza mbele yangu kwa nini hanywi maji. Mimi nimesimama pale, nimeshika mkoba wake. Binti akajibu kwamba hapendi maji tu, tangu utotoni. Daktari akamgombeza kweli kweli, naye akainamisha kichwa akagombezwa kwa kosa langu. Tulipobaki wawili akanisihi nisikuambie, eti tutagombana.

Nimeshindwa kunyamaza. Ulinikabidhi mtoto mzima, nami nikamnyima kitu ambacho hata mpita njia hanyimwi. Ukitaka kuja kumchukua, nitamfungashia mizigo mwenyewe. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane uso kwa uso, nastahili. Lakini njoo.

Msalimie shemeji, wala usimfiche neno. Niishie hapa, maana mgonjwa ameamka, ananiuliza kama mimi mwenyewe nimekunywa maji leo.

Ni mimi,
dada yako