Beseni la Udongo Lililokuwa Likirudi Shimoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Mwanamke aliyekamatwa na beseni la udongo ndani ya uzio wa eneo la umma
Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Anajulikana kama Mzee Chumvi.
Umri: Miaka 74 kwa kitambulisho. Mwenyewe anasema 90.
Kazi: Zamani mchomaji na muuza vyungu. Sasa hana.
Makazi: Nyumba ya mwisho, nyuma ya mashine ya kusaga.
Uhusiano na mtuhumiwa: Shemeji yake. Mtuhumiwa ni mdogo wa marehemu mke wake.

Mimi ndiye Mzee Chumvi mwenyewe, wa pili hakuna. Hilo jina sikulipata kwa kuuza chumvi, afande, na wewe unajua, maana naona unaandika huku unacheka. Andika tu, mwanangu. Mimi sikusoma, lakini mtu anayeandika na mtu anayejifanya anaandika nawajua.

Kazi yangu ilikuwa kuchoma vyungu na kuvitembeza. Mke wangu anafinyanga, mimi nachoma, halafu nafunga vyungu thelathini kwenye baiskeli na kuteremka nao mlima wa hospitali bila breki. Hakijavunjika hata kimoja. Haya, viwili. Mke wangu watu wote walimwita Fundi. Hata mimi nilimwita Fundi, nikimwita kwa jina lake alijua nimeharibu kitu.

Shimo la udongo liko chini ya daraja la zamani. Enzi zetu lilikuwa wazi, hukuomba ruhusa kwa mtu. Kibali kilikuwa kichwa chako. Unachoweza kujitwika ndicho chako, kilichokushinda kiache. Na mtu haendi peke yake, kwa sababu kuta za shimo huanguka. Basi asubuhi unasikia wanawake wanaitana nyumba hadi nyumba, "We bado umelala na hilo zee lako?" Zee lenyewe ndio mimi, na wakati huo nina miaka ishirini na kitu, kifua kama kabati la nguo.

Fundi nilimpata humohumo shimoni. Nilikuwa nimesimama juu najionyesha, akanirushia tope likanipata sikioni. Nikamwambia, "Dada, shabaha huna." Akasema, "Ninayo. Nililenga mdomo, wewe ndiye umegeuka." Nikaoa.

Sawa, afande, narudi kwenye kesi. Lakini hii ndiyo kesi yenyewe, subiri utaona.

Pale shimoni udongo uliobaki hakuna aliyeumwaga njiani. Mtu akiacha kazi, akiumwa, akihama, ule ambao hajaufinyanga anaurudisha, mwingine aukute. Fundi alikuwa mkali sana kwa hilo. Alikuwa akisema, "Tumeazima tu." Binti zetu wakichezea udongo akawa anawafuata hadi uani kuokota vipande.

Halafu likaja lori la mtu wa matofali. Lori halina kichwa, halichoki shingo. Msimu mmoja tu, shimo likawa bonde. Kuta zikaanguka, wanawake mmoja mmoja wakaacha kwenda. Ndipo ofisi ikaweka uzio, na kibao, na mlinzi. Hilo silikatai. Ningekuwa mimi ningeweka na mbwa. Ila aliyekula ng'ombe ameshaondoka na lori lake, na sisi tuliolamba mchuzi ndio tunaulizwa kwato.

Fundi uzio hakuuona. Alikuwa ameshatangulia.

Siku yake ya mwisho ya kazi alikanda bonge moja kubwa. Akilimaliza bonge ana kawaida, analipiga kofi moja juu na kuliambia, "Lala, kesho tutaonana." Alikuwa anasema na udongo kuliko anavyosema na mimi, na udongo ulikuwa unamsikia. Siku hiyo akalipiga kofi, akaliambia hivyohivyo, akanawa mikono. Kesho yake tulikuwa hospitali.

Baada ya msiba nikakuta bonge liko palepale kwenye chumba chake cha kazi. Nikalifunika nailoni, juu ya nailoni gunia, na kila asubuhi nikawa nalowesha gunia. Wenzangu wanamwagilia maua, mimi namwagilia tope. Jirani yangu fundi cherehani akaniuliza, "Mzee, hapo unategemea kitaota nini?" Nikamwambia, "Mke." Akacheka sana. Na mimi nikacheka, maana ndiyo kazi yangu.

Sasa binti yangu mkubwa ananichukua nikaishi kwake, ghorofa ya tatu. Akaniambia, "Baba, njoo na nguo zako na redio yako. Hilo tope hapana, hapa hata pa kuanikia nguo hatuna." Yuko sawa, sina ugomvi naye. Lakini nikawaza, nikiliacha, mpangaji atakayeingia atalitupa jalalani. Nikamwita shemeji.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya leo Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, mimi na shemeji tulitoka nyumbani kwangu. Yeye kajitwika beseni lenye bonge, limefunikwa gunia lake, mkononi ana jembe. Mimi nimebeba fimbo. Njiani akasema, "Shemeji, huu udongo mzito kuliko dada mwenyewe." Nikamjibu, "Dada yako alikuwa na uzito wa maneno tu." Akasema, "Ngoja nikutwike hili kichwani uone." Tulikwenda tukitaniana hivyo mpaka langoni. Lango lilikuwa wazi. Kibao tulikiona, lakini kwangu kibao na ubao wa kukatia nyama ni kitu kimoja.

Mimi magoti hayateremki tena. Nikakaa juu, kwenye jiwe, shemeji akashuka. Nilimwona kwa macho yangu akitua beseni, akachukua jembe, akaanza kuchimba mahali pa kulifukia lile bonge, kwa sababu ukiliweka juujuu jua linalikausha linakuwa jiwe. Hakuchukua udongo hata wa kujaza kijiko. Alikuwa bado hajamaliza shimo, mlinzi akatokea upande wa reli.

Mlinzi akasema, "Mama, simama hapohapo! Jembe chini!"

Shemeji akasema, "Nikiliweka chini nitachimba na meno?"

"Kwa hiyo unakiri unachimba."

"Nachimba niweke hiki. Udongo wa dada yangu, naurudisha."

Yule mlinzi alicheka mpaka akaishika kofia yake. Akasema, "Nimekamata wa mchanga, nimekamata wa mawe, sijawahi kukamata mwizi anayerudisha."

Simlaumu. Amemkuta mtu ndani ya uzio, jembe mkononi, shimo bichi, beseni limejaa. Hata mimi ningemkamata, tena ningempigia filimbi.

Nikapaza sauti kule juu, "Ni kweli, mwanangu! Anarudisha! Udongo ulikuwa kwangu!"

Akainua macho, akanitambua. Akasema, "Aa, Mzee Chumvi! Si ndiye wewe uliyemuua simba kwa mfuniko wa chungu?"

Afande, hapo nikakosa pa kushika. Umri wangu wote nimewalisha watu uongo mtamu, wamecheka, wameninunulia chai, na siku moja tu niliyotaka kuaminiwa, mfukoni sina kitu. Shemeji akanitazama kutoka kule chini. Afadhali angenitukana, tumezoea.

Akapakiwa kwenye pikipiki, beseni likafungwa nyuma. Mimi nimekuja kwa miguu, ndiyo maana nimechelewa kufika.

Kwa hiyo andika hivi, na uandike vizuri. Hakukuwa na simba. Alikuwa mbwa. Alikuwa amefungwa. Na vyungu vilivyovunjika pale mlima wa hospitali ni kumi na kimoja.

Kile kibao umenisomea wewe mwenyewe leo hapa kituoni, kutoka kwenye karatasi ya mlinzi. Ni marufuku kuchukua udongo, mchanga na mawe bila kibali. Nikakuomba urudie, ukarudia. Sasa nauliza, mtu akirudisha naye aende ofisini akaombe ruhusa? Nilipokuwa kijana hata kuchukua hatukuomba. Nimekubali kuomba, dunia imegeuka. Lakini na kurudisha?

Mimi usiniamini. Mimi nimeshaharibu jina. Uamini mkono. Fundi alikatwa ncha ya kidole cha mwisho, mkono wa kulia, na mlango wa chuma, hata mtoto wa kwanza hatujapata. Kila chungu chake alikipiga kofi chini kabla sijakichoma, na sokoni wateja walikuwa wanakipindua kwanza wahesabu, vidole vinne na nusu. Wakikuta vitano wanaondoka. Lile bonge juu yake kuna lile kofi la mwisho. Nimelinda nailoni isiliguse, nilisimika vijiti pembeni kama hema. Nenda ukahesabu. Halafu mwite shemeji uhesabu na vyake, amebarikiwa vyote, na kiganja kama sinia. Mkono wa marehemu utakuwa umeingiaje kwenye udongo uliochimbwa leo?

Ila fanya haraka, afande. Nimeona mmeliweka dirishani, juani, karibu na ile baiskeli iliyoibwa. Gunia mlinzi amelitupa kule shimoni. Likishaanza kupasuka, ufa utapita palepale kwenye vidole, na mahakamani mtapeleka tope tu. Nawaomba gunia. Na maji. Mkikosa gunia, shati langu hili hapa.

Shemeji mwacheni arudi nyumbani. Aliyemtuma ni mimi.

Haya ndiyo maelezo yangu, niliyoyaona na niliyoyafanya. Sijatia chumvi popote, hata mwenyewe nayaona hayana ladha.

Alama ya shahidi: dole gumba la kulia. (Hajui kusoma wala kuandika.)

MAELEZO YA MPOKEAJI

Nimeyaandika kama yalivyosemwa, kwa ombi la shahidi, na kumsomea. Alisahihisha sehemu moja: vyungu ni kumi na vitatu.

Saa saba mchana nilikagua kielelezo mbele ya mlinzi. Juu ya bonge kuna alama ya kiganja cha kulia, kidole cha mwisho ni kifupi, hakina ncha. Mikono yote miwili ya mtuhumiwa ina vidole kamili. Mlinzi amehesabu mwenyewe mara mbili na kuvua kofia. Mtuhumiwa amedhaminiwa, jalada linakwenda kwa mkuu wa kituo.

Kielelezo kimetolewa dirishani, kimewekwa chini ya meza yangu, kimefunikwa gunia lililoloweshwa. Shahidi amerudishiwa shati lake.

Zamu ya jioni na ya asubuhi: gunia lisikauke.