Nyumba ya Miaka Mitano

Jumatatu, 16 Oktoba 2023

Barua ya dalali imekuja kwa rejista. Nimeisoma nikiwa bado na koti la mvua. Mkataba wa nyumba unaisha tarehe 31 Machi. Hautaongezwa. Mwenye nyumba, Bi Muroi, anaitaka kwa ajili ya mwanawe anayerudi hapa Kanazawa.

Hautaongezwa? Watu hukaa nyumba moja miaka thelathini! Unatia muhuri wa jina lako kama sahihi, unaendelea.

Mama mkwe akauliza barua ya nani. Nikasema tangazo la mablanketi. Ana miaka themanini na tisa na haoni kabisa. Humu ndani anatembea kwa kiganja — nguzo, mlango wa karatasi, bomba la jikoni. Kuijua nyumba hii kulimchukua mwaka mzima.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kwa dalali, Bwana Isogai. Mtu mpole. Upole wake ndio ulionitisha.

Nikamwambia mpangaji hatolewi hivihivi, sheria inamlinda.

"Mkataba wa kawaida, ndiyo, Bi Kurata. Wenu ni wa muda maalumu. Ukiisha umeisha, isipokuwa mwenye nyumba akubali kuandikiana upya."

Nikasema hatukuambiwa. Akakubali kwamba hilo lingebadili mambo: mpangaji lazima aelezwe kabla ya kusaini, kwa karatasi ya peke yake. Isipokuwepo, mkataba unahesabiwa wa kawaida. Nikapata moyo.

Akafungua faili. Karatasi ipo. Muhuri wa mume wangu, Yasuhiko. Mwandiko wake: nimeelezwa, nimeelewa.

Alijua. Tulihamia Aprili 2019, akafariki 2021, mkataba nikaurithi mimi. Hakutamka neno. Nami mwaka jana nilitundika mapazia mapya.

Jumatano, 18 Oktoba

Taarifa ilitakiwa itufikie angalau miezi sita kabla. Imechelewa. Bwana Isogai amekiri kwa simu: hawawezi kututoa kabla ya katikati ya Aprili. Siku kumi na sita za ziada. Sijui nicheke au nilie.

Madalali wengine wawili wamesikia umri wa Mama tu, nyumba zikaisha.

Jumamosi, 21 Oktoba

Bi Muroi amekuja mwenyewe, na keki za maharage mekundu. Nikamkalisha jikoni, nikamwomba kwa sauti ya chini: tuandikiane mwaka mmoja tu. Mama haoni. Na hajui lolote.

"Mwanangu ana watoto wawili, Bi Kurata," akasema. Hakuniangalia.

Mlango ukasogea. Mama, kiganja ukutani.

"Miaka mitano imetimia?"



"Yasuhiko alinisomea ile karatasi yote kabla hatujahama. Nikamuuliza, ikiisha tutakwenda wapi? Akasema, Mama, miaka mitano itakutosha. Usimwambie mke wangu Shinobu, atahangaika bure."

Itakutosha. Mwanawe wa kumzaa! Alipiga hesabu ya miaka iliyombakia mama yake, kisha akatangulia yeye.

Bi Muroi akaweka kikombe chini. 

"Nimechelewa, mwanangu," Mama akaniambia. "Unisamehe."

Nimekimbilia bafuni, naandika hapa, mlango nimefunga. Bi Muroi hajaondoka. Nawasikia. Mama anamuuliza majina ya wajukuu, na kama wanaogopa ngazi. Anamwambia kipandio cha tatu kinateleza.

 Nadhani Bi Muroi analia.