Barua ya Nekesa Imo Sandukuni Mwangu

Jumamosi, Julai 1977. Kaloleni, Nairobi. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi inayopenya mifupa.

Nimefagia chumba mara tatu na bado naona vumbi. Chai nimeimimina, imepoa, nimeipasha, imepoa tena. Baba Wafula yuko safarini na treni ya mizigo, hatarudi hadi Jumatatu jioni, kwa hiyo sina wa kugombana naye. Nagombana na wewe, daftari.

Nekesa ameshikwa.

Habari imeletwa na jirani yangu Mama Njeri, anayeuza viatu vya tairi Kariokor, karibu na pale Nekesa anaposhona mishipi ya ngozi. Hata hakuketi.

"Mama Wafula, yule dada yako amebebwa na polisi! Walikuwa wanatafuta Waganda. Wanasema Jumatatu asubuhi ni lori hadi mpakani."

Dada yangu. Mtaa mzima unamjua hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyesema hivyo. Nekesa ni Msamia kama mimi, lugha moja, hata jina ni la kwetu, ila mimi ni wa Funyula, upande wa Kenya, na yeye alizaliwa upande wa Uganda. Alikuwa mwalimu huko. Wanajeshi walimchukua mumewe palepale shuleni, mchana, na hajaonekana tena. Nekesa akirudishwa, watamchukua naye.

Sisi wanawake hatupewi kipande, kitambulisho ni cha wanaume tu, kwa hiyo polisi humwuliza mwanamke kwa mdomo tu: kwenu wapi, chifu wenu nani? Nikajiona mjanja. Jioni nyingi nilimfundisha, yeye akichambua sukuma wiki, mimi nikijifanya polisi. Kwenu wapi? Funyula. Chifu? Anataja jina nililompa bila kusita. Tunacheka.

Leo amelitaja vilevile, bila kusita. Mama Njeri anasema polisi aliyemwuliza ni wa kwetu Busia, na alicheka kwa sauti. Chifu huyo alishakufa, tena yeye polisi alikuwa matangani. Mimi sijakanyaga nyumbani miaka sita. Nilimfundisha Nekesa chifu wa ujana wangu.

Hilo ni kosa la ujinga. Ningelilia, likaisha. Kuna lingine.

Nekesa ana barua. Alipewa na ofisi ya wakimbizi, ina picha yake na muhuri, na inasema asirudishwe kwao kwa nguvu. Siku aliyohamia hapa nilimwambia anipe niifungie kwenye sanduku langu la bati, isije ikaibwa sokoni. Alisita. "Mama Wafula, bila hii mimi si mtu." Nikamwambia dada yangu hahitaji barua.

Uongo mtupu. Niliogopa mkaguzi wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Nyumba hii ni ya kanjo, iko kwa jina la Baba Wafula, na wanaoruhusiwa kulala humu ni jamaa peke yao. Mkaguzi akikuta barua ya mkimbizi kitandani, tunatolewa nje na masufuria yetu. Niliificha kwa ajili ya paa langu, nikamwambia ni kwa ajili yake. Naye akanishukuru! Naona aibu hata kuandika.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akiomba aione tu. Namfungulia, anaisoma yote mpaka chini, ananirudishia.

Sasa iko hapa mezani. Nimeizungushia nailoni isinyeshewe. Nimeenda nayo hadi mlangoni, nikarudi. Nimeenda hadi kwenye mfereji, nikarudi, na wanawake wameniuliza mbona sina ndoo. Moyo unaniambia nimngoje Baba Wafula aseme neno. Lakini lori ni asubuhi, yeye ni jioni.

Pale kituoni kwa polisi wataniuliza: huyu ni nani wako? Jibu nimelizoea, linatoka lenyewe. Nikisema ni dada, nimeiua barua, maana dada yangu wa Funyula atakuwaje mkimbizi? Nikisema kweli, kanjo watasikia kabla ya wiki ijayo kwisha.

Naogopa. Nimesimama mbele ya kioo, nikajiuliza kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimwuliza yeye jioni.

Huyu ni nani wako? Si ndugu yangu, anakaa kwangu. Na barua yake? Niliificha mimi.

Mara ya kwanza sauti ilikatika. Mara ya tatu nimesema bila kusita. Nafunga daftari, navaa viatu.