Madame Aliyekufa Nyamianda

Mama Furaha wangu,

Uvira ni joto hata kivulini, na samaki wa ziwani, mukeke wa kukaanga, ninaokula hapa ungekufanya ujute kubaki Bukavu.

Leo kule mtaa wa Nyamianda nilikuta watu wamezunguka meza ya sataranji. Fundi wa redio alimsogeza madame wake, ndivyo wanavyomwita malkia, kama vile mke wa mtu, akamwacha aliwe makusudi. Watazamaji wakagawanyika.

"Huyu amelala."

"Mungojee, iko na akili."

"Akili gani? Ameacha madame akufe, anaangalia tu."

Mama mmoja muuza samaki alikuwa anapita, akasikia hayo. Alitua beseni lake, akamkabili fundi. "Weye, bibi yako anakufa na umekaa unacheza?"

Alikuwa amekasirika kweli. Walipomwonyesha kale kamti kalikolazwa pembeni ya ubao, alikaokota, akakasimamisha, akasema hata hivyo si vizuri. Fundi alishinda mchezo, lakini hakuna aliyempigia makofi mpaka alipomwomba yule mama samahani.

Wabusu watoto, na ujifunike vizuri na hiyo baridi ya huko. Miye, hata nikishindwa, madame wangu simutoe.

Baba Furaha