Shaba Iliyong'aa Kupita Kiasi

Jumatatu, 1 Septemba

Kuku wa kutoka kijiji cha Mtinko wamefika wamechoka kuliko dereva. Tumechinja, tumenyonyoa, tumepanga kwenye chumba cha baridi. Kipimo cha mlangoni hakishuki. Fundi Mrisho kaitwa tena.

Kaja na mtungi begani. Kafungua koki ya mashine, gesi iliyobaki ikatoka fyuuu kwenda juu, kisha akajaza nyingine. Ndivyo afanyavyo kila akija. Nimemuuliza ile ya mwezi uliopita imekwenda wapi. Kasema mashine ni ya zamani, inakunywa. Sawa. Hata mlevi hujaziwa hivyo hivyo, ila anayemjazia haitwi fundi.

Mama mkwe aliipangusa mashine kwa upindo wa kanga. Mashine aliifunga marehemu mume wake kwa mikono yake, nyuma ya ukuta wa chumba chao. Inanguruma kama mzee mwenye mafua. Kila baada ya adhuhuri Mama anatandika mkeka, anaegemea ukuta ule, analala. Mahali pengine popote halali. Mume wangu anadhani mama yake anafuata ubaridi wa ukuta. Wanaume.

Jumatano, 3 Septemba

Upepo. Vumbi mpaka kwenye chai.

Afisa wa mazingira amekuja. Msichana, sauti ya taratibu, shikamoo imenyooka. Mama kampenda hapo hapo, kabla hajajua kilichomleta.

Kilichomleta ni gesi. Kasoma kibati cha mashine, kachuchumaa, kaeleza bila haraka. Gesi hii inakula tabaka la ozoni, lile linalotukinga na jua, tena inazidisha joto. Nchi inaiondoa kidogo kidogo. Kuiachia hewani ni kosa. Jumanne atarudi na fundi mwenye cheti. Panapovuja pakizibika, mashine itaendelea kwa sasa. Pasipozibika, gesi itavutwa kwenye mtungi na mashine itazimwa moja kwa moja.

"Mwanangu," Mama kamuuliza, "mashine ya mume wangu imekukosea nini?"

"Mimi hapana, Bibi. Imelikosea anga."

"Anga lina mwenyewe. Si atanidai yeye?"

Binti kacheka. Kaandika vilevile. Na mimi nimempenda.

Mume wangu yuko tayari kuleta mashine mpya tangu mwaka jana. Anachoshindwa ni kumwambia mama yake. Mimi nawaza jambo moja tu: wakiizima, Mama atalala wapi?

Ijumaa, 5 Septemba

Siku ya kusugua. Tangu afiwe, Mama hajaacha Ijumaa hata moja. Ndimu, chumvi, jivu, na waya wa kusugulia masufuria. Anasugua mabomba ya shaba ya mashine mpaka unajionea meno. Wenzake huenda makaburini. Kaburi la Baba mkwe liko Tanga, mashine iko hapa.

Leo kasugua zaidi. Kama mama anayemwogesha mtoto wa kupelekwa kwa daktari.

Nimekaa naye, nimemkamulia ndimu. Tulikuwa vizuri.

Jumapili, 7 Septemba

Mama kaamua: panapovuja tupaone sisi kwanza, tupazibe, Jumanne wageni wakute kazi imeisha. Nilishasoma kwenye simu kwamba povu la sabuni huvimba penye tundu. Brashi hatuna. Manyoya tunayo, mlima mzima. Basi wanawake wawili wazima, kila mmoja na unyoya wa jogoo, tunapaka mashine povu kama tunaipamba harusi.

Tumecheka sana. Kanisimulia siku Baba alipoiwasha mara ya kwanza. Aliingiza tikiti maji kujaribu ubaridi, akalisahau. Kesho yake walilikata kwa panga, wakalifyonza wakiwa wamekaa kizingitini, midomo imekufa ganzi. Miaka yote niliyoishi humu hajawahi kunisimulia. Ningeweza kupaka povu mpaka Krismasi.

Kisha povu likavimba. Kwenye kona ya chini, pale shaba inapong'aa kuliko kote. Tukapaka juu yake. Likavimba tena. Kila penye mng'aro, mapovu. Penye kutu na vumbi, ambapo mkono wake haufiki, kimya.

Mama kasimama. Kaangalia unyoya, kisha vidole vyake. Kamwaga povu, kaingia ndani.

Leo hakulala. Na mimi nilitamani nisingesoma ile simu.

Jumanne, 9 Septemba

Wamekuja. Fundi wa cheti kapitisha kidole kwenye bomba, kaguna. Shaba imelika. Ukichomelea hapa, inatoboka pale. Haizibiki.

Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, nani anasafisha mashine, na anatumia nini.

Mama alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa.

Nikasema mimi. Nasugua na ndimu, chumvi na jivu, napenda usafi. Nimemdanganya afisa wa Serikali bila kupepesa jicho. Sijuti. Fundi akasema dada, shaba si sufuria. Nikaitikia kama mwenye kujifunza. Fundi Mrisho, aliyekuja kuangalia, anajua vizuri kwamba hata masufuria yangu sisugui hivyo. Akakohoa, akatazama mlima wa manyoya.

Wameunganisha mpira, gesi ikavutwa kwenye mtungi. Safari hii hakuna fyuuu. Mama kauliza inapelekwa wapi. Binti kamjibu kwa upole: haiachiwi hewani, inapelekwa kwa wanaojua kuisafisha au kuiteketeza.

"Kwa hiyo haitupwi ovyo," Mama kasema. Kagusa mashine kwa kiganja. Basi.

Jioni kapakua yeye. Nyumba hii firigisi ni ya mwanamume, tangu enzi ya Baba, haina mjadala. Leo nimeikuta kwenye sahani yangu. Mume wangu kaitafuta kwa kijiko kwenye mchuzi wake, kaangalia sahani yangu, kaangalia mama yake. Mama anakula ugali wake.

Nimeitafuna taratibu. Nimelia kidogo. Nimesingizia pilipili.

Jumatatu, 15 Septemba

Mashine mpya imefungwa. Kimya, utadhani imeajiriwa jana na inamwogopa bosi. Baridi safi.

Mama halali. Adhuhuri anatandika, anaegemea, anafumba macho, anafumbua. Anasema joto. Si joto.

Nimemwita Fundi Mrisho. Gesi ilikuwa na kosa, feni ina kosa gani? Nimemwambia aitoe kwenye mashine ya zamani, pamoja na kava lake bovu linalogonga. Aifunge palepale nyuma ya ukuta, ikaushe sakafu ya kunyonyolea. Kauliza, kava nalikaza? Nikamwambia akithubutu.

Jumamosi, 20 Septemba

Jana Mama alikwenda kwenye mashine mpya na ndimu yake na jivu. Akasimama. Kisha akaifuta kwa kitambaa kibichi, polepole. Ndimu akaileta jikoni, tukaikamulia samaki.

Leo adhuhuri nimewasha feni. Ikaanza kunguruma na kugonga, mafua yale yale. Nikarudi kwenye manyoya yangu. Mama akatandika mkeka.

Nimepita baadaye na beseni. Mgongo ukutani, mdomo wazi kidogo, tasbihi imemponyoka.

Kuku wa Issuna wamefika. Nimekwenda kumwambia dereva asipige honi.