Taa Nyekundu ya Klabu ya Wafua Minyororo

Cradley Heath,
Jumanne, 12 Juni 1979

Kwako kaka yangu Gordon,

Pokea salamu za mdogo wako Avril, na usishtushwe na unene wa bahasha. Hakuna aliyekufa. Goti la mama bado linatabiri mvua, na kwa kuwa mvua ya hapa haikosi, goti limejipatia sifa ya unabii lisiyoistahili. Wewe na Sheila na watoto mwaonaje hali huko Adelaide? Nasikia huko sasa ni majira ya baridi. Nicheke mimi!

Baba naye hajambo. Nakwambia bila kuulizwa, kwa sababu huu mwaka wa nane barua zako zinamsalimu mama, mimi, jirani, hata paka, na baba humtaji. Ikifika barua, anamngoja mama aisome mpaka mwisho, halafu anatoka kwenda kumwagilia maharage yake hata kama kumenyesha. Nakuomba uisome hii mpaka mwisho, maana habari zake ni zake yeye pia.

Nianze na dhambi ndogo. Kila mwaka nakuandikia kwamba gitaa lako limelala salama sandukuni. Uongo mtupu. Uliniachia ufunguo ukaniambia nisiliguse, na amplifaya yako nisithubutu kuiwasha. Gordon, nililigusa Jumatatu iliyofuata. Hilo gitaa lako la Gibson lilinitoa malengelenge kwenye kila kidole, nikawa naenda kiwandani kuunga makufuli huku nimefunga plasta kama niliyeng'atwa na mbwa. Jioni najifungia chini ya ngazi na sahani zako za santuri, nainua sindano, nairudisha, nainua, mpaka nyingine zimeisha kabisa. Nisamehe na hizo.

Wewe ulikuwa mtu wa bendi ya Deep Purple, vidole mbio mbio kama panya jikoni. Mimi wamenishika wale wa bendi ya Free. Yule kijana wao alikuwa anapiga noti moja tu, anaiacha itetemeke mpaka unasahau kupumua. Ilinichukua miaka mitatu kuipata hiyo noti moja. Na Sabbath, wale watoto wa hapo Aston, sitaki hata kubishana na mtu. Asiyelala jirani na nyundo za kiwanda anawasikia nusu tu. Halafu ile amplifaya yako ya Marshall! Zile valvu, vile vichupa vya kioo vya ndani, zikishika moto, vumbi likianza kunukia, mate yananijaa kinywani kama ninayesubiri chakula.

Miaka miwili sasa nina bendi. Ngoma anapiga Neville, yule muuza nyama wa barabara kuu, mwenye mikono kama miguu ya meza. Besi anapiga mdogo wake. Anaimba Yvonne, tunayekaa naye meza moja kiwandani, na sauti yake akiifungua hata msimamizi wetu hunyamaza. Tumepiga baa zote za Dudley, lakini mimi nilitaka ukumbi mmoja tu, nao ni klabu yetu. Nilitaka kupiga pale juu, mbele ya wanaume walioniona nikikua, na nisikizwe mpaka mwisho. Usiniulize kwa nini, utajua.

Unaijua Jumapili ya klabu: saa sita mchana wanaume wanaingia, wanawake wako nyumbani na nyama ya kuoka, saa nane kengele inalia na kila mtu anarudi kula. Haijabadilika. Kilichobadilika ni taa. Majirani walilalamika kelele, kamati ikafunga ukutani kidude chenye taa tatu kama za barabarani. Ukipiga kwa adabu ni kijani, ukichangamka ni njano, ukizidi ni nyekundu, na soketi zote za jukwaani zinakata umeme papo hapo. Ikikata mara tatu, bendi inafungasha vyombo. Taa yenyewe haina akili. Mwezi wa tatu alikuja mchekeshaji, akatoa kichekesho kizuri, watu wakacheka, umeme ukakatika. Masikini alimalizia kwa kupiga mayowe bila kipaza sauti.

Neville ndiye aliyeandika jina la bendi kwenye daftari, kamati ikadhani ni wanaume wanne. Jumapili iliyopita nikafika mlangoni na gitaa mkononi. Wilf Hingley, ambaye sasa ni mwenyekiti na tumbo lake limekuwa makamu mwenyekiti, akanisimamisha akaniuliza mume wangu yuko wapi ampelekee ujumbe. Nikamwambia sina mume, nina amplifaya, anisaidie kuibeba. Wee! Akapandisha hasira. Akasema Jumapili mwanamke hakanyagi ukumbini, hata angekuwa malkia mwenyewe, na kama nina hamu ya kushika kitu chenye shingo basi nyumbani kuna kuku.

Hapo akatokea baba. Bado ni katibu wa burudani, bado anatembea na kitabu cha kanuni mfukoni. Sikuwa nimemwambia ni bendi yangu. Aliniangalia, akaliangalia gitaa, akalitambua. Nikajua imekwisha. Lakini akafungua kitabu, akavaa miwani polepole kama kawaida yake ya kuudhi, akamsomea Wilf kwamba kanuni inazuia wake na wageni wa kike, haisemi neno juu ya wasanii. Wilf akamuuliza yuko upande gani. Baba akamjibu kwamba yuko upande wa ukurasa wa kumi na moja.

Tukapanda. Wanaume kama mia mbili na bia zao nyeusi, wengine hawakuinua hata macho kutoka kwenye dhumna. Mzee mmoja akauliza kama tunapiga au tumekuja kusafisha. Yvonne akamjibu kwamba tutaanza na yeye. Wakacheka. Wimbo wa kwanza, Neville akapiga ngoma moja kwa nguvu ya kukata mifupa, nyekundu! Kimya. Tukasubiri umeme urudi na valvu zipate moto tena, karibu dakika nzima nimesimama pale kama sanamu huku wakinitupia maneno. Wimbo wa nne, nyekundu ya pili, na safari hii si sisi. Walikuwa wametupigia makofi. Ndiyo, Gordon, makofi! Niliudhika na kufurahi kwa pamoja, sijui kama imewahi kukupata.

Wilf akatangaza kwa kipaza sauti kwamba tumebakiza nyekundu moja, halafu tuondoke tukaoke nyama. Katikati ikachezwa bingo, ule mchezo wa bahati wa namba, kama ilivyo dini ya pale, na hata sindano ingedondoka ungeisikia. Kisha tukarudi kwa wimbo wa mwisho.

Nikapiga chini chini, jicho moja kwenye taa. Kijani. Njano. Ikafika sehemu yangu, peke yangu, ile noti niliyoitafuta miaka mitatu. Nikaipata. Nakuapia niliiona ikienda mpaka ukuta wa nyuma, na wale wa dhumna wakaweka vipande vyao chini. Nikajisahau. Nikafungua sauti yote. Nyekundu.

Kaka, hicho kimya ndicho nilichokiogopa maisha yangu yote. Wilf akasimama, anakunja mikono, anatabasamu. Neville hakuacha. Aliendelea kupiga ngoma peke yake, taratibu, macho amefumba. Nami nimeshika gitaa lililokufa, machozi yananitoka mbele ya watu mia mbili.

Basi nikamwona baba anapita katikati ya meza. Hakuharakisha. Akaenda kwenye ile mashine ya bingo, inayopuliza mipira yenye namba, akaichomoa. Ukumbi mzima ukavuta pumzi, maana pale afadhali uguse mke wa mtu kuliko kugusa mashine ya bingo. Akavuta waya mrefu, akachukua plagi ya amplifaya yangu, akaichomeka kwenye soketi ya bingo. Kumbe kamati, kwa kuogopa mchezo usikatwe katikati mtu anasubiri namba yake ya mwisho, haikuiunganisha ile soketi na taa! Wilf akapiga kelele kwamba soketi ile ni ya bingo. Baba akamwambia kitabu kinasema taa inatawala soketi za jukwaani, na kama anataka kubadilisha kanuni, mkutano mkuu ni mwezi wa kwanza. Kisha akasimama mbele ya plagi, mikono nyuma, mzee wa miaka sitini na sita, kama askari wa zamu.

Valvu zikaanza kushika moto. Wale wanaume, hao hao, wakaanza kupiga meza kumfuata Neville. Na nilipoipiga ile noti kwa mara ya pili, hakuna taa duniani iliyoweza kunizima.

Tulipiga mpaka saa nane, kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Tukarudia. Saa nane na nusu mlango ukafunguliwa kwa kishindo, wake zao! Wameacha nyama zinaungua mtaa mzima, wamevaa aproni, wamekuja kuwachukua waume zao kwa masikio. Mama akiwa mbele na mwiko, na goti lake. Wakasimama mlangoni wakasikia. Halafu wakaingia, Gordon. Waliingia Jumapili mchana, wakavuta viti, wakaketi, na Wilf alipofungua mdomo mkewe akamwonyesha kidole tu. Nyama ya Jumapili ilikuwa mkaa Cradley Heath nzima, na hakuna aliyelalamika.

Sasa lile lililonifanya niandike.

Baba alinisaidia kusukuma amplifaya mpaka nyumbani. Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema alishaona mtoto wake mmoja akizimwa kwenye jukwaa lile, wa pili asingekubali.

Kaka, usiku ule wa mwaka sabini na moja pale klabuni, umeme ulipokatika ukiwa katikati ya wimbo, ukamwona baba anatoka jikoni anasema ni yeye aliyezima kwa sababu ya kelele, nawe ukamtukana mbele ya watu wote, na baada ya wiki nane ukapanda meli bila kumuaga. Si baba. Ni mimi. Nilikuwa jikoni nakata mikate ya jibini na kitunguu. Mchana wake nilikuomba unifundishe wimbo mmoja, ukawaambia wenzako mkono wa kukata mikate hauwezi gitaa, wakanicheka. Waya wenu ulipita pale jikoni. Niliuchomoa. Baba aliingia akanikuta na plagi mkononi. Alininyang'anya tu, akatoka kukukabili yeye. Hatukuwahi kulizungumza, mimi na yeye, mpaka Jumapili hii barabarani.

Nilimwambia nakuandikia ukweli. Akanikataza. Akasema hasira zako ameshazizoea, mimi sitaziweza. Nimekataa. Miaka minane amekaa kwenye nafasi yangu bila kinyongo, na mimi nilikuwa nampikia chai nikajiona mtoto mwema. Nimeona aibu, na aibu hii siitaki tena. Kama utakasirika, na una haki, anwani yangu unayo. Yeye mwandikie kitu kingine.

Mbusu Sheila na watoto. Mama anasema uvae sweta, Yvonne anauliza kama huko kuna klabu. Gitaa ni lako, ukilitaka nitalituma kwa meli ijayo, nitalia lakini nitalituma.

Baba hajui ninamalizia barua hii. Yuko nje anamwagilia maharage, na mvua inanyesha.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Avril Tromans